Friji ya Mayai na Maji ya Ata

Mama Neema alichota maji kwa kikombe cha plastiki, akajaza mdomo mpaka mashavu yakatuna, akafungua mlango wa sanduku lake la mayai, na kabla sijasema neno akayapulizia yote, fuu, matone madogo madogo. Kisha akafunga mlango, akajipangusa midomo kwa ncha ya kitenge, akanitazama.

Mwalimu pale nilikuwa mimi. Kazi yangu ni kuzunguka kambi za Kakuma na Kalobeyei nikiwafundisha akina mama kufuga kuku. Siku ile mayai ya Mama Neema yalikuwa yametimiza siku kumi na tisa kwenye mashine, na karatasi ninayoigawa kwa mkono wangu mwenyewe inasema waziwazi kwamba kuanzia siku ya kumi na nane mlango haufunguliwi. Nilikuwa nimeshainua kidole cha kumkanya. Nikamuuliza anafanya nini.

"Hii fasi iko na jua mingi, Mwalimu," akasema, kwa kile Kiswahili cha Kongo kisicho na haraka. "Ile ngozi ya ndani inakauka, mutoto anashindwa kutoka. Naisaidia na maji kidogo."

Kutoka kwenye sanduku ilinijia harufu niliyoijua, ya vumbi linaloungua juu ya balbu na maganda yenye joto yaliyoguswa na maji. Sikumkanya. Niliketi juu ya ndoo iliyofunikwa nikamwambia sawa, endelea. Yeye alidhani nimekubali hoja yake. Kumbe kitendo kile nilikuwa nimekiona mara moja tu maishani, nikiwa na miaka tisa, na aliyekifanya nilimshtaki.

Wakati huo tuliishi Lodwar, mimi na Mama, kwenye chumba kimoja cha mabati ndani ya ua wa miiba, upande ule wa mji ulio karibu na mto. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mbuzi wake walikuwa malishoni Lokiriama kwa mama yake, na kwa desturi yetu Waturkana hata mimi nilikuwa wa kule, maana mahari ya Mama ilishatolewa yote, na mtoto ni wa ukoo uliotoa mifugo. Mama mwenyewe hakuwa na mfugo hata mmoja. Alikuwa amefua mashuka ya nyumba moja ya wageni huko Eliye Springs, kando ya ziwa, na kazi ilipokwisha alirudi nyumbani na kitu kimoja tu: friji iliyokufa, imeliwa na magadi ya ziwa mpaka miguu yake ikawa ya kutu. Ilikuja juu ya lori la samaki. Majirani walitoka kuitazama ikishushwa. Mmoja akamuuliza Mama kama ana mpango wa kulala ndani yake joto likizidi.

Mimi nilifurahi. Nilijua friji ni ya barafu, kwa hiyo nikawatangazia wenzangu wa darasa la tatu kwamba kwetu kutakuwa na barafu. Niliwaahidi wanne kati yao vipande. Halafu akaja fundi akatoboa matundu ubavuni, akatia kioo kidogo mlangoni, akafunga balbu mbili chini, akatandaza nyavu za waya mahali pa rafu na kutundika kipimajoto katikati. Mama akaniambia kwamba friji ile itazaa kuku. Nilikwenda shule nikawaambia wenzangu barafu imeahirishwa.

Ujuzi wote wa Mama ulikuwa kwenye karatasi moja iliyokunjwa mara nne, aliyopewa kwenye semina ya kanisani na mtu aliyetoka nchi ya baridi huko juu. Aliisoma asubuhi na jioni kama Zaburi. Kisha akaenda Kakuma, akanunua mayai thelathini kwa Wakongo wa kambini, ambao walikuwa na majogoo wa maana, akarudi nayo kwenye ndoo ya vumbi la mbao. Ndoo aliipakata mapajani njia nzima. Barabara ya wakati ule mnaijua. Hakuvunja hata moja, na mpaka leo hilo ndilo jambo pekee ambalo Mama hujisifia bila kuombwa.

Wiki hiyo hiyo ndipo Ata alipofika. Ata ndivyo tunavyomwita nyanya, na huyu alikuwa mama yake Baba. Alishuka kwenye lori la mbuzi akiwa na fimbo, kibuyu cha plastiki cha maji na tumbaku yake shavuni, shanga zimemjaa shingoni mpaka kidevuni. Tulisalimiana, ejok, ejok, akanywa chai, akamaliza, akasema amekuja kunichukua. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Alihitaji mtu wa kumwonea mbuzi wadogo kabla mbweha hawajawaona.

Sikumchukia Ata. Naomba hilo lieleweke, maana yanayofuata yatafanya ionekane vingine. Nilimwogopa kidogo, kama tulivyomwogopa wote, lakini zaidi niliogopa Lokiriama. Binti mmoja wa shangazi yangu alikuwa amekwenda huko kuchunga kwa msimu mmoja, na msimu ule haukuisha. Mimi nilikuwa wa kwanza kwa kusoma darasani. Nilikuwa na dawati langu, upande wa dirisha, lenye jina langu nililolichonga kwa msumari.

Mama hakubishana naye, kwani mkwe habishani na mama mkwe, tena mjane. Alimwonyesha friji. Akamweleza kwamba humo ndani mna mifugo yake, na kwamba akipata kuku atanilea na kunisomesha bila kumwomba mtu wa ukoo chochote. Ata aliizunguka ile friji, akaigonga na fimbo, akatafuna tumbaku muda mrefu.

"Nikiona kuku wanatembea kwenye ua huu," akasema, "nitarudi peke yangu. Nisipowaona, nitarudi na mtoto."

Mama akakubali. Mimi sikuulizwa, na si ajabu, nani humuuliza mbuzi anapohamishwa. Lakini tangu siku hiyo nilijua kwamba niko ndani ya friji ile pamoja na mayai, na kwamba nina siku ishirini na moja.

Waswahili husema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Kwetu hakuna jembe, kwa hiyo Ata alijipa kazi mwenyewe, nayo ilikuwa kukaa kwenye kigoda mbele ya friji na kuikosoa. Kwake kuku hakuwa mfugo. Alikuwa ndege, kitu kisichotoa maziwa wala damu ya kunywa, na mtu mzima kumfuga ni kama mtu mzima kucheza kibemasa na watoto. Aliponiona nikigeuza mayai akayatazama kwa karibu. Mama alikuwa amenipa penseli niyatie alama, upande mmoja msalaba na upande wa pili duara, ili tukiyageuza tujue yapi yamegeuzwa. Ata aliuliza ile ni alama ya ukoo gani. Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa, akasema hajawahi kuona mtu akimpiga mnyama chapa kabla hajazaliwa, na kwamba mama yangu huenda hana akili lakini moyo anao.

Nilipoanza kuyahesabu kwa sauti alinipiga kofi dogo la mkono. Mifugo haihesabiwi hivyo, akasema, unaita macho mabaya. Kwa hiyo nikawa nahesabu kimoyomoyo, na kila mara nilipata idadi tofauti.

Karatasi ya Mama ilisema balbu zisizimwe. Huko ilikoandikwa labda ilikuwa kweli. Lodwar, kufika saa nne asubuhi, mabati yalikuwa yanalia kwa joto na kipimajoto kimepanda kupita mstari mwekundu hata balbu zikiwa zimezimwa. Siku ya pili Mama alishtuka, akalowesha magunia akayafunika juu ya friji, akawa anayalowesha tena na tena mpaka jua lishuke. Usiku umeme ukikatika aliweka taa ya kandili chini ya zile nyavu na kuketi hapo. Aliikaidi karatasi kwa jambo hilo moja tu, na nadhani ilimtia hofu, maana kwa mengine yote aliishika kama askari anavyoshika amri.

Siku ya saba tuliyamulika kwa tochi. Mama alizungusha kiganja kwenye yai, tochi ikawaka chini yake, na ndani tukaona mishipa myembamba myekundu imesambaa, na katikati nukta nyeusi inayotikisika. Manne hayakuwa na kitu, yaling'aa tu, akayatoa. Mimi nilielewa kwamba yale manne yamefeli, nikayasikitikia kama watoto waliorudishwa darasa. Ata aliomba aone. Alisogeza jicho lake bovu mpaka kope zikaligusa ganda.

"Kuna mtu," akasema.

Baada ya hapo hakuikosoa tena friji. Kigoda akakisogeza karibu zaidi na mlango. Aliamka kabla yetu na kuweka kiganja kwenye bati la friji, akalala baada yetu. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi sikuwa na haja ya kujiuliza, jibu nilishakuwa nalo: Ata anasubiri tushindwe, na sasa ameona kwamba huenda tusishindwe.

Sababu za kuamini hivyo nilikuwa nazo, na nilizipanga vizuri. Kwenye mazishi ya Baba nilimwona Ata akitema mate chini, nyuma ya mtu mmoja aliyekuwa ameiba mbuzi wetu, na shangazi wakanong'onezana kwamba huyo sasa atajua. Shule ya Jumapili mwalimu alitufundisha kwamba kuna wazee ambao mate yao ni sumu ya shetani. Nilizaliwa mjini. Nilizijua hadithi mbili tu kuhusu mate, na zote mbili zilikuwa mbaya.

Siku ya kumi na nane Mama aliyageuza mayai kwa mara ya mwisho, akajaza maji kibakuli kidogo kilichokaa chini ya nyavu, akafunga mlango kwa ukanda wa mpira wa tairi. Akatutangazia, mimi na Ata, kwamba kuanzia hapo hakuna kufungua. Ndivyo ilivyosema karatasi. Mwenye kufungua atawaua wale watoto. Alisema "atawaua," na mimi nililishika neno hilo.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, nilikimbia nyumbani kuchukua daftari nililosahau. Mama alikuwa amekwenda kuchota maji. Nilipofika nyuma ya chumba nikasikia mpira wa tairi ukivutwa. Kulikuwa na tundu la msumari kwenye mabati, saizi ya jicho langu hasa, nikachungulia.

Ata alikuwa amesimama mbele ya friji iliyo wazi. Kwanza alitoa tumbaku mdomoni, akaiweka juu ya friji. Hilo nililiona na sikulipa uzito wowote. Kisha akainua kibuyu chake, maji yake mwenyewe aliyokuja nayo, akasukutua, akatema nje, akajaza mdomo tena, akayapulizia mayai ya juu, fuu. Akajaza tena, akainama kwa taabu, akayapulizia ya chini. Mwisho akafunga mlango taratibu, akaweka kiganja juu yake kama mtu anavyomwekea mtoto mkono kichwani. Akachukua tumbaku yake.

Sikuingia kuchukua daftari. Nilirudi shule nikiwa nimeshikilia mbavu, nikachapwa kwa kukosa daftari, na sikusikia uchungu wa fimbo hata kidogo.

Jioni nilimvuta Mama nyuma ya chumba nikamweleza. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio, mpira, mlango, maji, mara mbili. Mama alinisikiliza bila kubadilika uso. Nikaona kwamba haijatosha, kwamba ataniambia nikalale, na siku mbili baadaye mayai yatakuwa mawe na mimi nitakuwa juu ya lori. Kwa hiyo nikaongeza.

"Nilimsikia akiyaambia, msitoke," nikasema. "Alisema hivyo, Mama. Msitoke."

Hakuna aliyenituma. Neno lilitoka limekamilika.

Mama alinitazama kwa muda ambao wakati ule niliuona mrefu na sasa najua kwa nini ulikuwa mrefu. Kisha akaingia ndani. Nilimsikia akimwambia mama mkwe wake, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, kwamba yeye ni mtu aliyeokoka, hataki mambo ya mate nyumbani kwake, na kwamba mtoto ameona yote na kusikia yote. Alitaja neno nililoongeza. Ata alikuwa kwenye kigoda. Hakukana, hakuapa, hakuinua sauti. Aligeuza uso akanitafuta pale mlangoni kwa yale macho yake mabovu mpaka akanipata. Hakuonekana kukasirika. Alinitazama jinsi alivyokuwa akimtazama mbuzi wa mbali, kumtambua ni wa nani. Mimi niliangalia kidole gumba cha mguu wangu.

Alfajiri alifunga nguo yake begani, akachukua fimbo. Chai hakunywa. Mama alimsindikiza mpaka penye mlango wa ua, na hapo wakasimama. Nilikuwa nawaona kutoka ndani lakini siwasikii. Mama alisema machache, kisha akawa anasema Ata, Mama ameinamisha kichwa. Kisha Ata akatema mate kidogo kwenye kiganja, akampaka Mama kwenye paji la uso, akaondoka kuelekea linakoegeshwa lori la Lokiriama.

Nilitoka mbio. Nilivuta mkono wa sweta yangu ya shule nikaruka nimpanguse Mama lile paji kabla mate hayajaingia ndani. Akaudaka mkono wangu hewani.

"Wacha," akasema.

Akakaa vile vile mpaka yakakauka yenyewe.

Siku ya ishirini na moja tuliamka na sauti. Ilitoka ndani ya mayai, ndogo, ya kugongagonga, na kati yake mlio. Mama alilia, mimi nikacheza. Kupitia kile kioo kidogo cha mlangoni tuliona maganda yakitoboka, moja hapa, moja pale, karibu yote. Kibakuli cha maji kilikuwa kimekauka tangu lini sijui, maana karatasi ilikataza kufungua, na sisi tulikuwa watiifu. Upepo wa wiki ile ulikuwa ule wa mchanga unaopasua midomo.

Tisa walitoka. Wengine kumi na saba walitoboa tundu na kuishia hapo. Tuliwasikia siku nzima, kisha tukawasikia kidogo, kisha Mama akafungua mlango bila kuangalia karatasi. Ngozi ya ndani ya maganda ilikuwa imekauka ikawagandia kama gundi. Alijaribu kuwabandua kwa kucha, kwa mate ya kidole, kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Damu ikatoka, akaacha. Alikaa sakafuni na ganda moja mkononi, kifaranga amelala ndani yake tayari, amekamilika, hana kilichopungua.

Nilimwambia ni laana ya Ata. Nilisema ili kumfariji, kwa kuwa kosa si letu. Mama aliweka lile ganda chini, akachukua jingine. Mtoto akinyamaziwa huona amekubaliwa, nami nilikwenda na jibu hilo miaka mingi.

Wale tisa walitembea kwenye ua. Majike walikuwa sita, wakakua wakataga, na Mama akaijaza friji tena, safari hiyo akiwa ameweka beseni zima la maji chini yake badala ya kibakuli. Hakunieleza kwa nini beseni. Ata hakurudi kuangalia kama kuku wanatembea. Hakutuma mtu, hakudai. Sisi pia hatukwenda. Kuku wa maskini, wanasema, hatagi, akitaga haangui, akiangua halei. Wa kwetu walitaga na kuangua na kulea, wakanilea hata mimi, nikasoma mpaka nikawa mtu wa kufundisha wengine jinsi ya kufuga.

Ata alifariki nikiwa kidato cha pili. Tulikwenda Lokiriama kumzika. Shangazi zangu walilia, Mama alilia kuliko wote, jambo lililonishangaza. Mimi nilisimama pembeni na sare ya shule, macho makavu, nikifikiria mtihani wa Jumatatu. Shangazi mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba watoto wa mjini hawana machozi. Sikuona amekosea.

Haya yote niliyapitia nikiwa juu ya ile ndoo kwa Mama Neema. Siku mbili baadaye alinipigia simu kunijulisha kwamba vifaranga wametoka, karibu wote, anasifu Mungu. Jumamosi hiyo nikashuka Lodwar.

Mama sasa ana nyumba ya mawe. Friji bado ipo, imesimama uani, anaweka ndani yake chakula cha kuku. Nilimkuta kwenye kigoda akiwarushia mtama. Nikakaa kando yake, nikamsimulia ya Mama Neema, maji ya mdomoni, fuu. Aliendelea kurusha mtama. Nikamuuliza kama siku ile alijua Ata alikuwa anafanya nini.

"Mimi nimezaliwa wapi?" akasema. "Mturkana gani asiyejua baraka ya maji? Alinipulizia mimi tumbo nilipokuwa na mimba yako."

"Kwa hiyo ulijua anayabariki."

"Nilijua."

"Alikuwa anayabariki yatoke. Yakitoka anikose."

"Ndiyo."

Nilichota mtama kwenye bakuli lake, nikawarushia kuku. Kisha nikasema lile ambalo sikuwahi kulisema kwa mtu, kwamba lile neno, msitoke, nililiongeza.

"Najua," Mama akasema. "Mtu hasemi na maji mdomoni."

Miaka ishirini na kitu nimebeba uongo ambao haukudumu hata dakika moja. Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, mbona basi alimtolea mzee wa watu maneno yale. Aliweka bakuli la mtama chini.

"Wewe hukutaka kwenda. Mimi sikutaka uende. Mayai nilikuwa siyaamini, mwanangu, niliiamini karatasi, na karatasi yenyewe nilikuwa siielewi. Ukaniletea sababu ya kumwondoa kabla hajaona matokeo. Nikaichukua."

Kuku mmoja mwekundu alikuja akadonoa kamba ya kiatu changu. Mama akamfukuza kwa mguu. Nikamuuliza Ata alimwambia nini pale kwenye mlango wa ua.

Aliinua bakuli, akarusha mtama tena. 

"Nilimwomba msamaha. Nikamwambia nitakueleza ukweli atakapoondoka. Akanikataza. Akasema, usimsahihishe mtoto. Akiniogopa hatanililia wala kutaka kunifuata kwa mbuzi, na asiponililia atasoma." Mama alijipangusa mikono kwenye leso. "Nilikuona pale Lokiriama siku ya mazishi, macho makavu. Nikajua neno lake limetimia. Ndiyo maana nililia vile. Nililia zamu yangu na yako."

Mimi si mtu wa machozi, aliyesoma mpaka hapa ameshaliona hilo. Lakini nililia pale uani, mtu mzima, kitambulisho cha kazi bado kiko shingoni, nikamlilia Ata kwa sauti kama inavyotakiwa aliliwe mtu siku anapozikwa. Mama hakuninyamazisha. Alingoja, na mtama ulipokwisha kuku wakaondoka mmoja mmoja kwenda kivulini, nyuma ya friji.